Eustace Gabrieli Kobelo (1956–2007), Mtunzaji wa Diski Mbili

Baba Paroko, Masista, wazee wa ukoo, majirani wa hapa Matombo, na ninyi mliotoka Morogoro mjini na Turiani kuja kutushika mkono: tunawasomea maisha ya ndugu yetu kama sisi wapwa zake, wa nyumbani kwake, tunavyoyajua. Watani wa ukoo tunawaomba mtuvumilie hadi mwisho. Mzee Stambuli ametuonya tangu asubuhi kwamba tukimsifu marehemu kupita kiasi atasimama kutusahihisha, nasi tunamfahamu vya kutosha kuamini kwamba atasimama.

Marehemu Eustace Gabrieli Kobelo alizaliwa Lugeni, Matombo, tarehe 20 Septemba 1956, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Gabrieli Kobelo na marehemu Bibi Modesta. Jina alichaguliwa na kalenda ya Misheni, kwa kuwa siku hiyo ni ya Mtakatifu Eustace na Padre aliyembatiza hakuwa mtu wa kuhangaika na majina. Siku inayofuata ni ya Mtakatifu Mathayo. Marehemu alipenda kusema kwamba angechelewa kidogo tu tumboni angeitwa Mathayo, na pengine angeishia kuwa mtoza ushuru.

Alikulia kwenye matuta ya mama yake. Wanaolijua shamba la Bibi Modesta wanajua jinsi lilivyo mteremko, na jinsi mvua ya Uluguru inavyoweza kushuka bila hodi, watu wakatupa majembe na kukimbilia nyumbani. Bibi alikuwa na utaratibu wake. Kabla hajaanza tuta lolote alichomeka kijiti kwenye ncha yake. Akishalilima na kulipanda lote, aliking'oa. Mvua ikimkatiza, hakurudi kulikagua shamba zima. Alikwenda moja kwa moja kwenye matuta yenye vijiti. Eustace alipokuwa mdogo alichapwa mara moja kwa kung'oa vijiti vyote na kuvitengenezea mtego wa ndege. Mwaka ule, alisema, sehemu moja ya shamba ilipandwa maharage mara mbili na sehemu nyingine haikupandwa kabisa, na familia nzima ilikula matokeo.

Alisoma Shule ya Msingi Matombo kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari Morogoro mjini hadi mwaka 1974. Baada ya mwaka mmoja wa Jeshi la Kujenga Taifa alichaguliwa kwenda chuo cha ufundi Dar es Salaam, akahitimu fundi umeme mwaka 1978. Hakuwa wa kwanza darasani, na hakuwahi kudai hivyo. Dada yake, Mama Eufrazia, anakumbuka kwamba aliporudi likizo ya kwanza alifungua tochi ya Padre kuona ndani kuna nini, akairudisha ikiwaka vizuri zaidi, lakini parafujo moja ikabaki mezani. Padre alimuuliza, "Na hii?" Eustace akajibu, "Hiyo Baba ilikuwa ya ziada."

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Morogoro. Akiwa huko ndipo alipokutana na Rahel, binti wa Mzee Amosi, fundi mitambo wa kiwanda cha sukari. Rahel alikuja kutoka Turiani kumtembelea shangazi yake. Shangazi alikuwa na redio iliyoharibika, na Rahel ndiye aliyetumwa kuipeleka kwa marehemu, aliyekuwa akitengeneza redio za watu baada ya kazi. Alitumwa tena kuifuata. Alitumwa kwa mara nyingine. Hatimaye akamwambia, "Kaka, redio hii haijapona, au wewe ndiye hutaki ipone?" Marehemu akasema imepona tangu wiki iliyopita. Walifunga ndoa katika Parokia ya Matombo tarehe 28 Julai 1984, na Mungu akawajalia watoto wawili, Joseph na Irene. Redio ile shangazi hakurudishiwa. Ndiyo iliyoko sebuleni kwao hadi leo.

Miaka ya soko huria ilipokuja, nguo za mitumba zilijaa sokoni na kiwanda kikaanza kulegea. Kiliuzwa mwaka 1996, na mwenye mali mpya akawapunguza wafanyakazi, marehemu akiwa mmoja wao. Alitoka getini na sanduku lake la bisibisi. Siku chache baadaye alinunua shati la mtumba, akalivaa mbele ya mke wake na kusema, "Hili ndilo lililonifukuza kazi, Mama Joseph. Sasa na lenyewe litumike." Alifungua chumba cha ufundi karibu na soko, kwanza redio, kisha televisheni. Kompyuta zilipoanza kuingia mjini zikiwa zimetumika na zimechoka, alianza na hizo pia. Alijifunza kwa kusoma, kwa kuuliza, na kwa kuharibu. Aliyasema yote matatu bila aibu.

Mwaka 1999 hospitali ya misheni iliyoko bondeni, njia ya kuja huku, ilimwomba aende siku mbili kwa wiki. Mwaka 2004 akawa wa kudumu. Wengi wenu mmetuuliza msibani kazi yake hasa ilikuwa nini, kwa kuwa mlimwona amekaa tu mbele ya kioo. Tutajaribu kueleza kama alivyotueleza sisi.

Hospitali ilipewa mashine ya kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa wa kliniki ya Alhamisi, wale wa sukari, presha, kifafa na maradhi mengine ambayo dawa yake ni ya maisha. Mashine ilikuwa na diski mbili. Kila kilichoandikwa kwenye moja kiliandikwa na kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Diski kufa hakukumtisha marehemu. Kilichomtisha ni umeme kukatika wakati diski ya kwanza imekwisha kuandika na ya pili bado. Hapo mashine ina majibu mawili kwa swali moja, na yenyewe haijui ni wapi. Kwa hiyo kila umeme uliporudi, ilizilinganisha diski zote mbili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kazi hiyo ilikula mchana mzima huku kompyuta za daktari na za duka la dawa zikijikokota.

Kwa mtu wa mjini kungoja ni kero tu. Mgonjwa aliyeshuka kutoka vijiji vya juu alitegemea lori la ndizi, ambalo hupanda saa nane mchana na halimngoji mtu. Likimwacha, alilala kwenye baraza la hospitali au alipanda mlima kwa miguu bila dawa. Mwaka 2006, mwaka wa mgao wa umeme, baraza lilijaa karibu kila Alhamisi. Marehemu alikuwa na jambo moja tu alilolishikilia: mtu wa milimani asirudi kwake bila dawa, na asirudi na dawa isiyo yake. Mambo hayo mawili yalikuwa yakivutana, na yeye alikuwa katikati.

Alhamisi tarehe 9 Machi 2006 alishindwa kuyashika yote mawili. Tunalisema hili kwa sababu yeye mwenyewe alilisema kwa kila aliyemsifu. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi, baraza limejaa, na Sista Scholastika, mganga mfawidhi, akamfuata. "Mzee Kobelo, watu wanaachwa na gari. Huo ukaguzi hauwezi kurukwa?" Unaweza kurukwa. Aliuruka. Kompyuta zikakimbia, watu wakaanza kuitwa, na kila mtu akafurahi hadi ilipofika zamu ya Mzee Stambuli.

Asubuhi ile daktari alikuwa amempunguzia Mzee Stambuli dawa ya sukari, kwa sababu ilimzidi akawa anaanguka shambani. Umeme ulikatika wakati hayo yanaandikwa. Hidaya Salehe wa duka la dawa akamsomea kutoka kwenye kompyuta yake: "Viwili asubuhi, viwili jioni."

"Binti, nani amekutuma uniue?" Mzee Stambuli akauliza. "Daktari kaniambia nusu."

"Mimi nasoma kilichoandikwa, Babu."

"Basi nenda ukasome kule kwake."

Hidaya alikwenda. Kwenye kompyuta ya daktari ilikuwa nusu. Alirudi kwake, ilikuwa viwili. Mashine moja, kadi moja, na kila diski ikijibu lake. Kama Mzee Stambuli angekuwa mtu wa kunyamaza, angeanguka kwenye njia ya mlima kabla ya kufika kwake.

Marehemu aliizima mashine na kutoka barazani. Aliwaambia watu kwamba kumbukumbu za siku ile haziaminiki, kwamba kosa ni lake, na kwamba ataikagua yote hata kama gari litawaacha. Liliwaacha. Wengine walimkasirikia, na walikuwa na haki. Mzee Stambuli, aliye mtani wake, alimwambia, "Sawa, mtani. Lakini na wewe hulali kwako. Utalala hapa nasi uonje mbu wa Misheni." Alilala barazani pamoja nao. Asubuhi Mama Rahel alileta uji, akakuta mume wake na Mzee Stambuli wakibishana ni nani kati yao amekoroma zaidi.

Baada ya siku hiyo alitafuta njia kwa miezi sita. Alikuwa akienda mjini kwenye duka la intaneti na kusoma maandishi ya mafundi wa nchi za mbali. Aliwaandikia, nao wakamjibu bila kumjua. Njia aliyoipata aliieleza nyumbani kwa kutumia matuta ya Bibi Modesta, nasi hatukuhitaji maelezo mengine. Diski hugawanywa sehemu sehemu, kama shamba. Mashine hutunza ramani ndogo yenye kitone kimoja kwa kila sehemu. Kabla ya kuandika mahali, kwanza huwasha kitone cha mahali hapo. Kisha huandika kwenye diski zote mbili, na ikishahakikisha kwamba zote mbili zimemaliza, ndipo hukizima. Umeme ukikatika, ramani inabaki. Ukirudi, mashine huenda kwenye vitone vilivyowaka tu, huzifananisha diski hapo, na kwingine kote haina haja ya kufika. Ramani haijui ni neno gani lilikuwa likiandikwa. Inajua mahali tu, na hilo linatosha. Alikuwa akisisitiza sana kwamba kitone huwashwa kwanza. Kikibaki kinawaka bila sababu, unapoteza muda kidogo. Kisipowashwa, unaweza kumpoteza mtu.

Alijaribia nyumbani, kwa diski kuukuu, akiiachia mashine iandike kisha akiung'oa waya ukutani kwa mkono wake. Mama Rahel aliwalalamikia majirani, "Wenzenu tunakatiwa umeme bure, huyu wa kwangu anaukata mwenyewe!" Alipouhamishia utaratibu huo hospitalini alikuwa amegawa sehemu ndogo mno, mashine ikawa inawasha na kuzima vitone zaidi kuliko kuandika. Hidaya akamwambia, "Mzee, siku hizi mashine yako inatembea kama ina mimba ya miezi tisa." Alicheka, akakubali, akazikuza sehemu, na mwendo ukarudi.

Alhamisi tarehe 21 Septemba 2006, siku moja baada ya kutimiza miaka hamsini, umeme ulikatika kliniki ikiwa katikati. Uliporudi, Sista Scholastika alikwenda kujimiminia chai akijua kwamba siku imeharibika. Kabla hajaweka sukari Hidaya alikuwa ameanza kuita watu.

Sista alitoka na kikombe mkononi. "Mzee Kobelo! Umeruka tena?"

"Sijaruka, Sista. Imekagua palipohitaji."

"Kwa dakika hizi?"

"Palikuwa pachache."

Hakuamini, na alifanya vizuri kutoamini. Alimsimamisha daktari kwenye dirisha lake na Hidaya kwenye lake, akaamuru wasomeane kadi zote zilizoandikwa asubuhi ile, kwa namba. Daktari akasoma, "Kimoja asubuhi." Hidaya akaitikia, "Kimoja asubuhi." "Nusu jioni." "Nusu jioni." Baada ya kadi kadhaa baraza zima likaanza kuitikia pamoja na Hidaya, kwa sauti ya litania, hata waliokuwa Waislamu. Hakuna kadi iliyotofautiana. Lori lilipoondoka saa nane, baraza lilibaki na mbuzi wa Misheni peke yao. Sista alimwambia marehemu, "Chai yangu imepoa kwa ajili yako." Marehemu alisema hakuna sifa nyingine aliyowahi kupewa iliyomfurahisha kama hiyo.

Huyu mtu aliyelinda kadi za wenzake hakuilinda ya kwake. Presha alikuwa nayo tangu kiwandani, na dawa alimeza alipokumbuka. Mama Rahel alimgombeza, Sista alimgombeza, na Hidaya alikuwa akimwekea vidonge juu ya kibao cha herufi cha kompyuta ili asiweze kuanza kazi bila kuviondoa. Januari 2007 miguu ilianza kuvimba. Vipimo vya Morogoro mjini vilionyesha kwamba figo zimechoka. Alilazwa huko Machi na Aprili, kisha akaomba arudishwe hospitali ya bondeni awe karibu na watu wake.

Kitandani hakusumbuliwa na kifo kama alivyosumbuliwa na Alhamisi. Alisikia kwamba kunafikiriwa kliniki isimamishwe hadi apatikane mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa yeye akiondoka hakuna atakayeijua mashine. Wagonjwa wa milimani wangetakiwa kwenda mjini, na sote tunajua ni wangapi wangekwenda. Alimwomba Sista ampe muda amfundishe Hidaya. Hidaya alisema yeye ni wa dawa, si wa mashine. Marehemu akamwambia, "Siku ile ulikwenda kwa daktari na kurudi kulinganisha. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mengine ni nyaya."

Mashine yake kuukuu ikaletwa wodini, ikawekwa juu ya stuli kando ya kitanda. Jambo la kwanza alilomwagiza Hidaya ni kung'oa waya huku ikiandika.

"Mzee, nikiiua?"

"Hufi nayo. Ng'oa."

"Siwezi kufanya hivyo mbele ya mgonjwa."

Mama Rahel, aliyekuwa akimenya chungwa, akasema bila kuinua macho, "Ng'oa mwanangu. Mimi nimeshazoea."

Aling'oa. Aling'oa tena siku nyingi zilizofuata, akajifunza kuisoma ramani, kuvitambua vitone vilivyowaka, na kufahamu lini aiamini mashine na lini aisimamishe. Marehemu alimpenda kwa sababu aliogopa. Alisema asiyeogopa ndiye anayeruka ukaguzi, na kwamba yeye anajua.

Alhamisi tarehe 12 Julai umeme ulikatika kweli. Marehemu hakuweza tena kuinuka. Alilala akisikiliza, na dada yake aliyekuwa kando anasema alikuwa amemshika mkono kwa nguvu ambazo hakujua kama bado anazo. Kliniki ilipokwisha Hidaya alikuja, koti lake jeupe likiwa limelowa jasho mgongoni.

"Nani amerudi bila dawa?" marehemu akauliza.

"Hakuna, Mzee."

"Nani amepewa isiyo yake?"

"Hakuna. Nimelinganisha na daktari, kadi kwa kadi."

"Na wewe umekula?"

"Bado."

"Nenda ukale."

Baada ya hapo hakuulizia tena mashine. Aliongea na watoto wake, alipokea Sakramenti, alimwomba radhi mke wake kwa vidonge alivyoviacha. Alifariki dunia Jumanne tarehe 17 Julai 2007, mchana, mikononi mwa Mama Rahel na Mama Eufrazia, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Marehemu ameacha mjane, Rahel Amosi, watoto wawili, Joseph na Irene, mjukuu mmoja, dada mmoja, Eufrazia, na sisi wapwa zake, ambao kwa desturi ya kwetu ni wanawe pia, naye hakutufanya tuhisi tofauti. Familia inaishukuru hospitali, Parokia, majirani waliotupikia tangu Jumanne, na watani waliotuchekesha hata pale tuliposema hatuwezi kucheka.

Liko jambo moja tunalopaswa kulisema kabla hatujamlaza, maana tumekwisha kusikia minong'ono. Leo ni Alhamisi. Sista alituuliza kama kliniki ifungwe kwa heshima ya marehemu, kama ilivyo desturi, na wazee wa ukoo walikuwa tayari kusema ifungwe. Hidaya alikuja nyumbani jana, akamwamkia kila mzee, akapiga magoti mbele ya Mama Rahel na kuomba ruhusa asije kuzika. Mama Rahel alimpa. Kwa hiyo mkimtafuta hapa kaburini hamtamwona, na tunawaomba msimhesabie kosa. Yuko bondeni, anawaita watu kwa namba. Dawa zao ziko mezani.

Bwana, mpokee Eustace, mtumishi wako, na umruhusu sasa apumzike.